SOMO LA KIINGEREZA: HERUFI ZILE ZILE, MANENO MENGINE



Chukueni karatasi na muandike herufi nne: A, I, L, M. Kwa Kiswahili herufi hizo zinatupa mali, lima, mila na imla. Hakuna kati yetu anayechanganya mali na mila, kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyosikika, na ukitamka vibaya sikio linakukataza. Kiingereza nacho kina maneno mengi ya namna hiyo, lakini huko sikio peke yake halitoshi. Ni lazima jicho lifuate herufi moja baada ya nyingine, kutoka kushoto, bila kuruka. Leo tutaangalia hasa maneno yanayokutwa kwenye karatasi tunazopewa kujaza.

Tuanze na FORM na FROM. FORM ni fomu. Neno letu la Kiswahili lilitokana na hilo. FROM maana yake ni kutoka. Tofauti ni nafasi ya R na O tu. Kwenye karatasi ya safari mtaona FROM: NYARUSHISHI, TO: MAHAMA, yaani kutoka Nyarushishi kwenda Mahama. Mimi ninayeandika somo hili nilisoma shule ya Kifaransa ng'ambo ya mto, Bukavu. Siku ya kwanza kupewa karatasi ya Kiingereza niliona FROM nikasoma FORM, nikaandika namba ya fomu mahali palipotakiwa jina la mji nilikotoka. Karatasi ilirudishwa, nikapanga foleni upya kesho yake, na orodha ya siku ile ilikuwa imekwisha kufungwa. Tangu hapo natumia alama hii: FROM hufuatwa na jina la mahali, la mtu, au tarehe. FORM mara nyingi hutanguliwa na THIS, yaani hii, au FILL IN THE, yaani jaza.

Neno linalotaka uangalifu zaidi ni SIGN, weka sahihi. Ukigeuza herufi mbili za mwisho unapata SING, imba. Hakuna ofisi itakayokuomba uimbe, kwa hiyo ukiona mstari mtupu chini ya karatasi, ujue neno ni SIGN. Herufi G hapo haitamkwi, husikika "sain". Kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, omba usomewe karatasi yote kwa lugha unayoielewa. Kuuliza si utovu wa adabu. Na usiweke sahihi kwenye karatasi ambayo nafasi zake hazijajazwa, hata kama nyuma yako watu wanalalamika kwamba unawachelewesha.

NAME ni jina. Herufi hizo hizo zinatoa MEAN, kumaanisha, neno zuri la kujifunza mapema, kwani kwa WHAT DOES IT MEAN? unauliza maana ya chochote. Zinatoa pia AMEN, ambalo halihitaji mwalimu. Shida kubwa inakuja pale NAME linapofuata neno LAST. LAST ni mwisho. Ukizisogeza herufi zake unapata SALT, chumvi. LAST NAME kwenye fomu ni jina la ukoo, na FIRST NAME ni jina la kwanza, lile ambalo wengi wetu tulipewa kwa ubatizo. Sisi tuliotoka Kongo tumezoea kuandika majina matatu, na fomu ya Kiingereza mara nyingi ina nafasi mbili tu. Jina la katikati litaingia wapi? Angalia karatasi yako ya kuandikishwa, ufuate mpangilio uliopo pale, herufi kwa herufi, kila mara. Mama akiandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye chakula na kwa mwingine kwenye matibabu, kompyuta inaweza kuona watu wawili.

Kwenye zahanati kuna MEAL na MALE. MEAL ni mlo. Paketi ya dawa ikiandikwa AFTER MEALS, dawa inywewe baada ya kula. MALE ni jinsia ya kiume, na huonekana kwenye fomu karibu na FEMALE, ya kike. Hapo hapo zahanati wasomi wa Kifaransa wajihadhari na PAIN. Herufi ni zile zile na mpangilio ni ule ule, ila kwa Kifaransa ni mkate na kwa Kiingereza ni maumivu. Muuguzi akiandika PAIN si kwamba anakuandikia chakula.

Sasa twende mpakani, kwa sababu huko kuna mfano ambao mimi naupenda kuliko yote. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimejenga vituo vinavyoitwa ONE STOP BORDER POST. Kimojawapo kiko Rusumo, kati ya Rwanda na Tanzania, na kilifunguliwa rasmi mwaka 2016. Tazameni vizuri: STOP na POST ni herufi zile zile nne. STOP ni kusimama, POST hapa ni kituo. Maana yake ni kituo cha mpakani ambapo msafiri anasimama mara moja tu, maana maofisa wa nchi zote mbili wako pamoja. Herufi hizo zinatoa pia POTS, vyungu au sufuria, na SPOT, doa au mahali.

Hata jina la Umoja wa Mataifa lina mtego. Herufi U inayoanza jina la UNHCR ni ya UNITED, yaani ulioungana. Badilisha I na T, inakuwa UNTIED, iliyofunguliwa, kama kamba ya hema baada ya upepo.

Wazazi, msiwaachie watoto peke yao kazi hii. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza mashuleni, na mtoto aliyeanza kusoma kwa Kifaransa anakutana na maneno haya yote kwa pamoja. Mwalimu akisema LISTEN anataka wasikilize. SILENT ni kimya. Herufi sita zile zile, lakini T ya LISTEN haisikiki na ya SILENT inasikika. Mtoto akikosea hapo si mjinga. Mwandikie neno kwa herufi kubwa, funika kwa kidole, fungua herufi moja moja, kisha aliandike mwenyewe bila kuangalia.

ZOEZI. Kwa A, E, N, R tafuteni neno la "karibu" na la "kupata pesa kwa kazi". Kwa A, D, E, R tafuteni "soma", "mpendwa" na "thubutu". Kwa E, N, T tafuteni "kumi" na kile kinachozuia mbu usiku. Tumieni kalamu ya risasi, ili mweze kufuta.

MAJIBU: NEAR, EARN, READ, DEAR, DARE, TEN, NET. Kumbukeni kwamba READ husomwa "riid" kwa jambo la sasa na "red" kwa lililopita, bila herufi hata moja kubadilika.