Seva Inapohama: Somo Kuhusu Anwani na Matatizo ya Kuingia

Wengi wetu tunaosomea Kiswahili huamini kwamba mambo ya seva ni ya wenzetu wa kitivo cha sayansi. Imani hiyo hudumu hadi siku chama kinapopata seva yake ya kuhifadhia miswada, nayo ikahitaji kuhamishwa wakati fundi hayupo. Makala haya yanajadili swali moja: seva ikibadilishiwa anwani, kwa nini watu hushindwa kuingia, na kasoro itafutwe kuanzia wapi?

Katika utaratibu wa IPv4, ambao ungali unatumika sana, anwani ni nambari nne zinazotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Kwa kuwa nambari husahaulika upesi, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa DNS, unaotuwezesha kutumia majina badala ya nambari. Seva ikihama, jina hubaki lilelile; lakini aliyenakili makao ya zamani katika daftari lake ataendelea kupiga hodi pasipo mwenyeji. Daftari hilo lipo kwa kweli. Tarakilishi hutunza jibu la DNS kwa muda uliowekwa na mwenye jina, na muda huo ukiwa sekunde 86400, wageni wanaweza kupotea siku nzima. Basi na upunguzwe, tuseme hadi sekunde 300, siku mbili kabla ya kuhama. Kuupunguza baadaye hakuwasaidii waliokwisha kunakili.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kubadilisha anwani ya seva akiwa mbali, tena akiwa ameingia kupitia anwani ileile aliyokuwa akiibadilisha. Alikosea tarakimu moja, skrini ikaganda. Alikuwa amekata tawi alilolikalia. Seva ilikuwa katika chumba kilichofungwa, mwenye ufunguo alikuwa amesafiri kwenda mazishini, na miswada iliyokuwa ikingojewa na mpiga chapa ikakaa humo siku tatu. Laiti angaliijua amri ya netplan try, inayopatikana katika Ubuntu! Amri hiyo hujaribu mipangilio mipya, kisha husubiri uthibitisho kwa sekunde 120; usipothibitisha, hurejesha ya zamani.

Tukija kwenye kuingia kwenyewe, wengi hukimbilia kulaumu nywila. Chombo kinachotumiwa sana kuingilia seva kutoka mbali ni SSH, kilichoundwa na Tatu Ylönen wa Ufini mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo chake. SSH ikikuzuia hukwambia namna ilivyokuzuia, na hapa mwanafunzi wa lugha ana faida, maana Kiswahili hutofautisha kutojibiwa, kukataliwa na kunyimwa.

Hodi isiyojibiwa kabisa huonyesha kwamba ujumbe haufiki au jibu halirudi: chunguza anwani, lango la mtandao na programu ya kinga inayochuja mawasiliano. Kukataliwa papo hapo kwa kawaida humaanisha umefika kwenye mashine, ila hakuna anayesikiliza kwenye mlango nambari 22; huenda huduma ya SSH iliagizwa kusikiliza kwenye anwani ya zamani pekee. Kunyimwa ruhusa ni jambo jingine. Mtandao u salama, na sasa ndipo inapofaa kukagua jina la mtumiaji, nywila na funguo. Angalia pia idhini za faili: SSH hupuuza faili ya funguo ambayo watumiaji wengine wanaweza kuiandika. Aidha, hifadhidata kama PostgreSQL huwa na orodha ya anwani zinazoruhusiwa, na orodha hiyo haijirekebishi.

Lipo onyo jingine linalotisha zaidi, kwamba utambulisho wa seva umebadilika. SSH hukumbuka ufunguo wa kila seva uliyowahi kuitembelea. Anwani ikipewa mashine nyingine, ufunguo hautalingana na ule wa awali, nayo hukataa kuendelea. Wengi hufuta kumbukumbu hiyo bila kuuliza, ilhali onyo lilelile hutokea tapeli anapojifanya seva yako na kungojea nywila. Kwanza mwombe aliye karibu na seva akusomee alama ya ufunguo wake kwa simu, tarakimu kwa tarakimu. Ikilingana na unayoiona, ndipo utumie ssh-keygen -R kuondoa kumbukumbu ya zamani, kisha uingie.