Kufundisha Jaribio la Haki kwa Mfano wa Dawa za Tumbo

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika darasa la tano la shule moja ya kata ya Ngokolo mjini Shinyanga, aliwauliza wanafunzi wake kwamba nyumbani hutumia nini mtu anapoumwa tumbo. Mikono ilinyooshwa kwa wingi. Yalitajwa majani ya mpera, mlundalunda, tangawizi, mwarobaini na mshubiri. Kisha mtoto mmoja akaeleza kwamba mdogo wake alipoharisha alinyweshwa maji ya majani ya mpera asubuhi na jioni, na maji mengine yote akanyimwa ili tumbo likauke. Mwanachuo alimpongeza, akaandika "mpera" ubaoni, akaendelea. Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma na daftari la ukaguzi tuliona kwamba hapo ndipo somo lilipokuwa linaanza, naye amelipita.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kusimama mahali kama hapo na kupageuza kuwa somo la jaribio la haki.

Kwanza tuondoe makosa mawili. Wapo walimu ambao, wakisikia dawa za miti shamba, hukunja uso na kusema ni ushirikina. Wapo pia wasemao kwamba lililotoka kwa wazee haliulizwi. Wote wawili wamefunga mlango wa sayansi, ila kila mmoja kwa upande wake. Nchi yetu haikufuata njia hizo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Huku Shinyanga kwenyewe, watafiti wa kilimo-misitu wa ICRAF waliwauliza wananchi na waganga kuhusu miti wanayoitumia kwa dawa, wakachapisha taarifa yao mwaka 1999. Kuuliza kwa heshima na kupima kwa makini ni kazi zinazokwenda pamoja.

Sasa turudi darasani. Mwalimu atoe tatizo hili: watoto kumi wameharisha, wote wamekunywa maji ya majani ya mpera, baada ya siku tano, tisa wamepona. Je, majani yamewaponya? Darasa karibu lote litaitika "ndiyo". Mwalimu asiseme lolote. Aulize tena, polepole, "Tumejuaje?" Angoje. Mara nyingi atapatikana mtoto mmoja wa kuuliza, "Na wale ambao hawakunywa?" Swali hilo lina thamani kuliko maelezo yote ambayo mwalimu angeyatoa, nasi tunawasihi wanachuo wasimwahi mtoto huyo. Harisho nyingi hukoma zenyewe baada ya siku chache. Kwa hiyo, kupona baada ya dawa hakutoshi kuthibitisha kupona kwa sababu ya dawa, mpaka pawepo watu wa kulinganisha nao.

Jaribio la vitendo linalofuata tunalifanya kwa maziwa mgando, zana ambayo mtoto wa Kisukuma haihitaji kuelezwa. Mwalimu aeleze kwamba maziwa huganda kwa kazi ya bakteria, na kwamba tumbo la mtu nalo lina bakteria wake. Makadirio ya mwaka 2016 yalitaja bakteria wapatao trilioni 38 katika mwili wa mwanamume wa kilo 70, wengi wao wakiishi katika utumbo mpana. Husaidia kusaga makapi ya vyakula ambayo tumbo lenyewe haliyawezi, na huwabana bakteria waletao maradhi wasipate nafasi. Basi swali la darasa ni hili: je, maji ya majani ya mpera huwazuia bakteria wanaogandisha maziwa?

Tulipolifanya jaribio hili mara ya kwanza mbele ya wanachuo, tulitumia vyombo viwili. Kila kimoja kilitiwa maziwa yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na kijiko cha mgando. Katika kimoja tukaongeza nusu kikombe cha maji ya mpera. Kesho yake chombo kisicho na dawa kiliganda vizuri. Chenye dawa kilikuwa chepesi kama uji wa mgonjwa. Wanachuo wakashangilia kwamba dawa imewashinda bakteria, nasi, tukiri, tulitabasamu nao. Ndipo mmoja akauliza mbona chombo kimoja kiliongezewa nusu kikombe cha maji na kingine hakikuongezewa kitu. Mwingine akakumbusha kwamba dawa ilimiminwa ikiwa bado inatoa mvuke. Hatukuweza kujua kama kilichozuia mgando ni mpera, ni maji, au ni moto. Jaribio letu halikuwa la haki.

Tangu siku hiyo tunatumia vyombo vitatu vinavyolingana, vyenye maziwa sawa. Cha kwanza hutiwa mgando na nusu kikombe cha maji matupu yaliyochemshwa na kupoa. Cha pili hutiwa mgando na nusu kikombe cha maji ya mpera yaliyopoa vilevile. Cha tatu hutiwa maji ya mpera bila mgando, ili ionekane kama majani peke yake huyabadili maziwa. Vyote hufunikwa na kuwekwa mahali pamoja hadi kesho yake. Wanafunzi waandike wanachotarajia kabla ya kufunua, na waandike wanachokiona hata kama hakikubaliani na walichotarajia. Asionje mtu; baadaye vyote vimwagwe.

Liwalo lolote, mwalimu auulize umaana wake. Dawa ikizuia mgando, je, tumbo halitapoteza wema pamoja na wabaya? Isipozuia, je, haiwezi kufaa kwa njia nyingine? Chombo si tumbo. Ndiyo maana watafiti, baada ya kuona dondoo la mmea limezuia bakteria katika maabara, bado hupima sumu yake na kipimo chake kabla ya kulilinganisha kwa wagonjwa. Hata neno "wema" lahitaji uangalifu. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa matumbo ya Wahadza 27 wa kando ya Ziwa Eyasi, si mbali sana na sisi, na wa Waitalia 16. Wahadza walikuwa na aina nyingi zaidi, lakini bifidobakteria, wanaosifiwa sana Ulaya, hawakuonekana kwa watu wazima wao.

Limebaki la yule mtoto na mdogo wake. Jaribio la maziwa huchukua siku mbili. Mtoto mdogo anayeharisha bila kunyweshwa huweza kufa kabla ya hapo. Kwa hiyo siku ileile, kabla ya kengele, darasa lote litengeneze maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Waelezwe kwamba mgonjwa huendelea kunyonya, kunywa na kula, na kwamba zahanati hutoa pia vidonge vya zinki vya kutumiwa siku 10 hadi 14. Akitoa damu, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, apelekwe mara moja. Wanafunzi wapokezane kijiko, kila mmoja asawazishe mwenyewe na kuonja. Kinywaji kikizidi machozi kwa chumvi, kimwagwe na kutengenezwa upya.