KUPANDA FARASI: TUANZE KIINGEREZA AU KIKAUBOI?

Najua ukiona kichwa cha makala haya utacheka, useme farasi na sisi wa shule ya kutwa tunaopigana na matope kila asubuhi, wapi na wapi! Cheka tu, lakini soma.

Mjomba wangu ni saisi, yaani mtunza farasi, katika mabanda fulani upande wa Karen, Nairobi. Mwenye mabanda amekubali nifundishwe kupanda likizo ya Desemba, nami nilipe kwa kusafisha mabanda. Kwangu huu si mchezo wa matajiri. Ni kazi ninayoitaka nikimaliza Kidato cha Nne, na likizo yenyewe ni wiki chache tu. Sasa, katika stoo yao kuna matandiko ya Kiingereza tele, na moja la kikauboi lililoachwa na mgeni. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, chagua utaanza na lipi, halafu uniambie kwa nini." Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja akasikia. Yeye ni mpenzi wa mugithi na zile kofia pana za waimbaji wake, na kwake asiye kauboi hajapanda farasi. Tumebishana muhula mzima, ndipo nikaamua kuandika.

Tuanze na tandiko lenyewe, ambalo kamusi pia huliita seruji. La kikauboi ni zito, kilo 15 au zaidi. Linakukumbatia mbele na nyuma kama kiti cha mzee. Asili yake ni Wahispania, ambao mwaka 1519 walifika Meksiko na farasi. Wachungaji wa ng'ombe wa huko wakalitengeneza lifae kazi yao, na makauboi wa Texas wakaiga. Mtu wa kukaa juu ya farasi kutwa nzima akifuata ng'ombe anahitaji kiti cha namna hiyo. Wenzetu wa Kajiado wataelewa. Mbele yake kuna kitu kama pembe. Rafiki yangu alidhani ni ya kushikilia ukiogopa. La hasha! Ni ya kuzungushia kamba ng'ombe akishanaswa, ili avutane na farasi, si na mkono wa binadamu.

Tandiko la Kiingereza ni jepesi, kilo 5 hadi 8 hivi, na halina pembe. Hili limetokana na uwindaji wa mbweha, ambapo farasi huruka nyua na mitaro. Akiruka, wewe huinama mbele. Hebu fikiria pembe ingekuchoma wapi!

Lakini tofauti kubwa haiko kwenye tandiko. Iko kwenye mikono, na hapa naomba usome polepole. Katika mtindo wa Kiingereza unashika hatamu kwa mikono miwili, na unausikia mdomo wa farasi wakati wote, kama mtu aliyemshika mtoto mkono akivuka barabara. Ukitaka kwenda kulia, unavuta taratibu hatamu ya kulia, na miguu yako inamsaidia kuelewa. Kauboi hushika hatamu zote kwa mkono mmoja, tena zimelegea, kwa maana mkono wa pili una kamba. Akitaka kulia anapeleka mkono kulia. Hatamu ya kushoto inagusa shingo upande wa kushoto, farasi anaikimbia kidogo, anageuka.

Sasa mpande farasi wa Kiingereza kisha umfanyie hiyo ya shingo. Atasimama akuwazie! Hakufundishwa hivyo. Hapa Kenya, kwa sababu za historia ya ukoloni, farasi wengi wa kupanda wamefundishwa Kiingereza. Uwanja wa mbio wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, umefuata desturi ya Waingereza, na mashindano ya kuruka vizuizi ni vivyo hivyo. Wa polo lakini hugeuzwa kwa mkono mmoja, maana mkono wa kulia wa mchezaji umeshika gongo. Hapo rafiki yangu alinishinda, nakubali, lakini hata hao hupandwa kwa tandiko la jamii ya Kiingereza.

Kuna jambo la lijamu pia, kile chuma cha mdomoni. Lijamu la kikauboi aghalabu lina mikono mirefu pembeni, inayofanya kazi kama wenzo tuliosoma katika fizikia: unavuta kidogo huku juu, mdomoni nguvu inazidi. Ndiyo maana hatamu hulegezwa. Mwanafunzi, jamani, akiyumba hushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni hatamu. Mnyama ndiye anayeumia. Lijamu jepesi wanaloanzia watu wa Kiingereza linavumilia zaidi mikono ya mshamba.

Haya, nisilipendelee kabila moja. Kwa siku za mwanzo kikauboi ni rahisi zaidi, hilo sitabisha. Vikuku vya kutia miguu huwa virefu, kiti kinakushika, na mwendo wa matiti huenda polepole, nawe unakaa tu. Kwa Kiingereza, farasi akienda matiti lazima uinuke na kukaa, uinuke na kukaa, kufuata hatua zake. Mjomba anasema wiki ya kwanza mapaja huuma mpaka ngazi za nyumbani unazionea uchungu. Ila huko kuinuka ndiko kunakofundisha mwili kujisawazisha pasipo kushikilia kitu.

Mama naye aliuliza kama haya ni mambo ya msichana. Nilimjibu kwamba katika Olimpiki, wanawake na wanaume hushindana pamoja juu ya farasi, na michezo yote mitatu ya farasi huko ni ya mtindo wa Kiingereza. Akanyamaza, akaniuliza nitavaa nini.

Basi nitavaa kofia ngumu inayofungwa kidevuni, hata kama makauboi wa sinema hawana, na viatu vyenye kisigino kidogo. Raba hazifai. Mguu ukipenya kikuku na uanguke, farasi atakuburura. Haya hayachagui mtindo.

Jibu langu kwa Mjomba, kwa hiyo, ni Kiingereza. Si kwa sababu ni bora duniani. Ningekuwa Texas ningesema lingine. Ni kwa sababu farasi nitakaowapanda wanaijua lugha hiyo, naye mwalimu niliye naye ndiyo aliyojifunza, na kazi ninayoitaka iko huko. Alisikiliza, akasema, "Sawa. Jumatatu ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Utaanza na fagio."

Limebaki swali moja la chama chetu. Farasi kwenda matiti neno tunalo, kwenda shoti tunalo. Lakini kule kuinuka na kukaa, nimepekua kamusi za maktaba sikuona kitu. Mimi napendekeza "kudunda", ingawa rafiki yangu anasema hilo ni la mpira. Mwenye neno bora na aniletee kabla ya shule kufungwa.