Tumetengana, talaka hakuna: nijaze nini?

*Mimi na mume wangu tunaishi mbalimbali tangu mwaka jana, ila hajanipa talaka. Fomu ya kazi, ya Kiingereza, ina "separated" na "divorced". Naogopa kuandika uongo. — M., Morogoro*

Dada M., pole. Hofu yako inaeleweka, lakini jibu lipo: weka alama kwenye "separated". Maana yake mmetengana, ndoa bado ipo. "Divorced" ni ya ambaye ndoa yake imekwisha kuvunjwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo hutofautisha mambo haya mawili. Ukikuta fomu isiyo na nafasi ya waliotengana, jaza "married".

Neno "separated" asili yake ni Kilatini, *separare*: *se* ni kando, *parare* ni kuandaa. Lilipopitia Kifaransa likazaa pia "sever", kukata. Wafaransa wenyewe hadi leo husema *sevrer* kwa kumwachisha mtoto ziwa, na tawi hilo ndilo linalonigusa zaidi. Katika tahajia, baada ya p ni a, si e.

Fomu ikigusa mirathi au malezi ya watoto, muone msaidizi wa kisheria kabla ya kutia sahihi.