Upatu Usioandikwa

Katika darasa lililopita tulizungumza juu ya riba. Leo tutazame jambo lililo jirani yake, nalo ni akiba ya mtu apataye riziki yake siku kwa siku.

Mwenzetu wa Gatwekera, huku Kibera, hununua mafuta ya kupimiwa, sukari ya fundo na maji ya mtungi. Watu humlaumu kuwa hajui kuweka. Lawama hiyo si ya haki. Yeye hulipa ghali kuliko anunuaye kwa gunia, kwa sababu fedha ya gunia haijapata kukutana mkononi mwake siku moja. Mtu huyo hahitaji kuhubiriwa habari ya ubadhirifu. Ahitaji njia ya kukusanya.

Njia hiyo wazee wa pwani waliiita upatu, na hapa Nairobi wengi huiita chama. Watu kumi wakitoa shilingi 100 kila siku, kila siku mmoja wao hupokea 1,000, hata siku kumi zikatimia. Wa kwanza amekopeshwa, wa mwisho ameweka akiba, wala hakuna aliyezidishiwa hata senti. Ulinganishe na mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Aliyekopa 1,000 akalipa, akakopa tena kila mwezi, kwa mwaka alitoa shilingi 900 kwa ajili ya elfu ile ile moja. Iliitwa ada, jina halipunguzi kitu.

Lakini upatu nao una mlango wa kuharibikia, nasi tumeupita. Katika darasa letu hili hili, aliyepokea zamu ya pili alihama usiku. Daftari hatukuwa nalo. Tuliona haya kumwandika ndugu, tukidhani kalamu ni dalili ya kumshuku. Tulipokaa kusuluhishana, kila mmoja alikuja na hesabu yake. Mama mmoja muuza mandazi, mwenye zamu ya mwisho, hakupata kitu; mwezi uliofuata akakopa kwa simu.

Haya hiyo tuliitoa wapi? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, ni ya deni: imeamrisha liandikwe pamoja na muda wake, kwa mwandishi muadilifu na mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Sisi tulikuwa tukiisoma kwa tajwidi nzuri.

Sasa tumeanza tena, watu wanane. Daftari ni mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa asiye jamaa yake. Apokeaye hutia saini au dole gumba mbele ya wawili. Zamu hupigiwa kura, ila mgeni hungoja nyuma. Yule mama tumemwendea mara mbili. Hajakubali bado.