Hesabu Pumzi kwa Dakika Nzima: Maswali ya Mwaka wa Kwanza wa Uuguzi

Mwanafunzi wa uuguzi mkoani Singida huenda akapangiwa mafunzo kwa vitendo Kiomboi, Makiungu, Mtakatifu Gaspar kule Itigi, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Popote atakapokuwa, wiki zake za kwanza zinafanana: shuka, kipimajoto, mashine ya presha na faili. Hapa mkufunzi wa uuguzi anajibu maswali yanayorudi kila mwaka.

Mkufunzi, tumesoma baiolojia na kemia, halafu tumefika wodini tunatandika vitanda. Huo nao ni uuguzi?

Kutandika kitanda kisicho na mtu hata mgeni anaweza. Chenye mgonjwa ndani yake ni somo jingine. Unapomgeuza ili ubadilishe shuka ndipo unapopata nafasi ya kuuona mgongo wake. Kagua sehemu ambazo mfupa uko karibu na ngozi: chini ya kiuno, nyonga, visigino, viwiko. Vitabu vingi vitakwambia utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Gusa kwa mkono. Sehemu iliyoanza kuumia huwa ya moto au ya baridi kuliko jirani yake, ngumu au tepetepe, inauma, au rangi yake imekoza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na saa iandikwe kwenye chati.

Nimepitia chati za wodi nzima. Kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika. Inawezekana?

Haiwezekani. Presha ina mashine yake, joto lina kipimo chake, lakini pumzi inahitaji mtu asimame dakika nzima akiangalia kifua. Ndiyo maana inakisiwa. Florence Nightingale alipoandika *Notes on Nursing* mwaka 1859 alitenga sura nzima kwa kumchunguza mgonjwa. Hakuwa na mashine ya presha, alikuwa na macho.

Fanya hivi. Shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo. Ukimaliza usiuachie mkono. Endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu mapigo, macho yakiwa kifuani. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, anabadilisha anavyopumua. Tumia saa yenye mshale wa sekunde na umalize sekunde zote 60. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20.

Kwa nini nang'ang'ania pumzi? Kwa sababu mwili ukipungukiwa damu, ukishambuliwa na maambukizi makali au ukijaa asidi, upumuaji huongezeka mapema, wakati presha bado inaonekana nzuri. Chukua mama aliyejifungua saa moja iliyopita. Presha 110/70, mapigo 124, pumzi 28. Mwanafunzi anaona presha, anaridhika, anakwenda kitanda kinachofuata. Mishipa ya mama huyo imejibana kuishikilia presha. Ikishindwa, presha itashuka ghafla. Mwite mkunga papo hapo, na wakati anakuja shika tumbo usikie kama mfuko wa uzazi umekaza, kisha funua kanga iliyo chini yake. Damu iliyonywewa na kanga na godoro hudanganya macho, huonekana kidogo kuliko ilivyo.

Kwa mtoto, mwache apakatwe na mama yake, asiwe analia wala kunyonya, na nguo ipandishwe uone kifua na tumbo. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili ni za haraka. 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11. 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano.

Zile hatua tano za mchakato wa uuguzi zina kazi gani nje ya mtihani?

Kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Kwenye karatasi zinachosha, nakubali.

Sasa mpe kitanda mzee kutoka Ikungi aliyevunjika paja. Daktari ameandika jina la mfupa uliovunjika, na kwa upande wake amemaliza utambuzi. Wewe unakuta mengine: maumivu yanamnyima usingizi, siku ya tatu hajapata choo, anakunywa maji kidogo makusudi kwa sababu anaona aibu kuomba chombo cha mkojo. Hilo la mwisho halimo kwenye picha ya eksirei, na ndilo litakalomletea maambukizi ya njia ya mkojo. Basi mpango wako useme nani atampa maji, saa ngapi, kiasi gani, na pazia litafungwa vipi. Kesho uliza kama amekunywa. Kama hajanywa, mpango haufai, badilisha.

Mmarekani Virginia Henderson aliorodhesha mahitaji 14 ya binadamu anayohudumiwa na muuguzi. La kwanza ni kupumua. Kunywa, kwenda haja na kulala yamo pia.

Bibi anaongea Kinyaturu tu, mimi nimetoka Mbeya. Nitamhoji vipi?

Anza na shikamoo, hiyo ataielewa. Singida ina Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wabarbaig, na huko Mkalama Wahadzabe, kwa hiyo jambo hili litakukuta tena. Mjukuu aliyemleta ni rahisi kumtumia, lakini usimtumie kuuliza habari za uchafu ukeni au majibu ya vipimo. Bibi ataficha, na kijana atafupisha maneno matano kuwa "anasema haumwi". Tafuta muuguzi au mhudumu wa wodi anayejua lugha hiyo, mweleze kuwa anachosikia kinabaki hapo, kisha zungumza ukimtazama bibi, usimtazame mkalimani. Mwisho bibi mwenyewe arudie atakavyomeza dawa. Akitikisa kichwa tu, hujapata jibu.

Hesabu ya matone ya dripu inanichanganya.

Zidisha mililita kwa matone ya seti, gawanya kwa dakika. Mililita 1000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 20,000 ugawanye kwa 480, unapata 41.67, yaani 42 kwa dakika. Soma pakiti ya seti kwanza, maana si zote ni za 20; za watoto hutoa 60. Na mgonjwa akikunja mkono matone hubadilika, hivyo rudi ukahesabu.

Je, naweza kumpiga picha mgonjwa mwenye kidonda cha ajabu, nikaficha uso?

Hapana. Kovu, kanga na kitanda chenye namba vinatosha watu wa kijijini kwake kumtambua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya kwenye kundi nyeti, na majibu ya VVU yalikwisha kulindwa na sheria ya 2008. Leseni utaiomba kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo lina mamlaka ya nidhamu chini ya sheria ya 2010. Simu ibaki kabatini.

Nikijichoma sindano iliyotumika?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiminye, usinyonye, usimwagie jiki. Toa taarifa kwa muuguzi mfawidhi saa hiyohiyo, hata kama unaogopa kugombezwa. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Zinamezwa siku 28. Sindano usiirudishie kifuniko. Iende kwenye boksi la usalama, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Homa ya ini B ina chanjo ya dozi tatu. Kama hujaanza, kaulize chuoni wiki hii, kabla ya kupangiwa wodi.