Mpasuaji Mbao na Kijito: Nani Alipe Gharama?

Somo letu la safari hii latoka shambani kwa miti, mahali ambapo wengi wetu tunapata ada za watoto na bati za nyumba. Kutoka Mufindi hata Rungwe, miti ndiyo akiba ya mkulima. Shamba la serikali la Sao Hill, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939, leo limezungukwa na mashamba madogo ya misindano na milingoti ya wanavijiji.

Lakini milima hiyo hiyo ndiyo chimbuko la maji. Ruaha Mdogo huanzia Mufindi ukapita Iringa mjini. Vijito vya Mbeya na Njombe hushuka Usangu na kuwa Ruaha Mkuu, mto unaoendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kuanzia mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sababu kubwa ilikuwa kilimo cha umwagiliaji huko Usangu, wala si shoka. Tusimsingizie mpasuaji mbao kosa lisilo lake. Lake ni jingine, nalo ni tope.

Tutazame jinsi linavyotokea. Magogo huburutwa kutoka kilimani, na njia fupi ni kushuka moja kwa moja na kukata kijito. Mburuto huo huchimba mfereji, na mvua za kwanza zikinyesha, udongo wote huingia mtoni. Mashine ya kupasulia nayo imewekwa bondeni, na vumbi la mbao limerundikwa ukingoni. Likioza majini, hula hewa ya samaki. Oili ikimwagika, hufika kwenye vinyungu na kwenye ndoo ya mama anayeteka chini.

Tiba yake yajulikana: kuburuta kwa kukingama mlima, kuweka daraja la magogo na kuliondoa kazi ikiisha, kuchimba matuta ya kugeuza maji njiani, kutenga mashine na ukingo, na kuacha mivengi isimame. Kila moja lataka siku za vibarua. Mnunuzi wa mjini haulizi kijito kiko katika hali gani. Bei ya ubao ni ile ile.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi wengine husema, atii tu, kwa nini asaidiwe? Hoja hiyo ina nguvu. Sisi pia hatuoni haki mtu alipwe ili asivunje sheria. Lakini daraja, njia ndefu, na kuondoa milingoti iliyopandwa bondeni zamani ili kurudisha miti ya asili, ni kazi ambayo faida yake humwendea mtu wa chini. Huyo naye achangie.

Si ndoto. Katika milima ya Uluguru, mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na mashirika ya CARE na WWF uliwalipa wakulima wa juu ya mto Ruvu kwa kuhifadhi udongo, na DAWASCO ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa walipaji. Huko Virginia, Marekani, serikali ya jimbo imewachangia wakata magogo gharama za kuvuka vijito, hata madaraja ya kubebeka.

Kwetu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliunda Mfuko wa Misitu Tanzania. Sehemu ya fedha zake hutokana na mrabaha na ada za mazao ya misitu. Yaani anayevuna katika msitu wa serikali huuchangia, pengine bila kujua. Mfuko hutoa ruzuku kwa maombi, kwa kazi za kuhifadhi na kupanda miti. Haumlipi mtu kwa kila gogo. Hata hivyo, wapasuaji wakijiunga na wakulima wa miti, wakaomba fedha za kurudisha mivengi kwenye kingo walizopitia, ombi lao litakuwa na msingi. Ugumu tunaouona ni kwamba mpasuaji huhama shamba hadi shamba, na kikundi chataka mtu akae.

Kwa mazungumzo ya vikundi, tuanze na shamba la jirani. Magogo ya mwaka jana yalivuka kijito wapi? Nani anakunywa maji ya chini yake? Na siku miti ilipouzwa, mkataba ulisema nani ajenge daraja?